Okidi ya nyasi za Kinangop: ni EN, VU au DD? Naomba msaada wa vigezo vya IUCN

NyasiZaMlima (Nairobi)

Habari zenu wadau. Ninaandaa tathmini ya Orodha Nyekundu ya IUCN (inayopanga spishi kwa daraja la hatari: CR ni hatarini mno, EN hatarini, VU dhaifu, LC haina wasiwasi, DD data haitoshi) ya okidi ya ardhini inayoota kwenye nyasi za vishungi za uwanda wa Kinangop na kwenye nyasi za juu za Aberdare, kati ya mita 2,450 na 3,100. Jina la spishi na mahali penyewe sitayataja hapa. Wanaochimba okidi nao husoma majukwaa.

Nina kumbukumbu 14. Nane zimetoka kwenye lebo za hebaria (mkusanyo wa mimea iliyokaushwa), za kuanzia miaka ya 1930 hadi 1970. Sita ni za misimu miwili iliyopita, na kati ya hizo mbili ni picha nilizozipata iNaturalist (tovuti ya picha za viumbe). Nimeziingiza zote GeoCAT (chombo cha mtandaoni cha kukokotoa eneo) kwa miraba ya kilomita 2. Imenipa EOO (eneo la poligoni inayozunguka alama zote) ya km² 3,200 na AOO (eneo la miraba yenye mmea) ya km² 56.

Maswali yangu:

1. EOO iko chini ya 5,000 na AOO iko chini ya 500. Je, naandika EN nimalize?
2. Lokesheni nihesabu 14?
3. Kuna aliyenishauri niweke DD kwa sababu idadi ya mimea haijulikani. Ni sawa?
4. Uwandani mimea mingine ina majani tu bila ua. Hiyo nayo inahesabiwa?

---

Karani_wa_Lebo

Kabla ya kugusa daraja, rudi kwenye data. EOO ya km² 3,200 haiwezi kutoka kwa mmea unaoishi Kinangop na Aberdare ya juu peke yake. Kuna alama mbili au tatu zilizopotea njia na kuivuta poligoni. Nitazitaja sehemu ambapo kosa hujificha, ukianza na zile zinazoleta madhara makubwa.

Alama ya kutoa kwenye latitudo. Kinangop iko kusini ya ikweta, karibu na nyuzi −0.6 hadi −0.75. Mtu akisahau ile alama ya kutoa, mmea unaruka hadi Laikipia, zaidi ya kilomita 130 kaskazini. Kwenye ramani ndogo kosa hili halionekani kwa urahisi, maana alama inabaki nyanda za juu za Kenya na haiendi kuangukia baharini. Panga safu yako ya latitudo kuanzia ndogo hadi kubwa. Namba yoyote chanya ikague kwa lebo.

Alama iliyo juu ya makumbusho yenyewe. Kumbukumbu za GBIF (hifadhidata ya dunia ya viumbe) ambazo lebo yake haikuwa na mahali hasa, wakati mwingine hupewa koordineti za jengo linalohifadhi kielelezo. Ukiona −1.27, 36.81, hapo ni Museum Hill, Nairobi, yalipo makumbusho. Hakuna okidi ya Kinangop inayoota kando ya Uhuru Highway. Fungua picha ya lebo: kama inataja kijiji au shamba, ipe koordineti mpya, kama imeandikwa "Kenya Colony" tu, itoe kwenye ramani lakini uitaje kwenye maelezo.

Nakala za kielelezo kimoja. Mkusanyaji wa zamani alikuwa akikata vipande kadhaa vya mkusanyo mmoja. Kimoja kikabaki Nairobi, kingine kikaenda Kew, Uingereza. Linganisha jina la mkusanyaji, namba yake na tarehe. Vikifanana vyote vitatu, hiyo ni kumbukumbu moja hata kama koordineti zinatofautiana kidogo.

Picha za iNaturalist. Spishi iliyo hatarini hufichwa mahali pake: alama unayoiona imetupwa popote ndani ya mraba wa nyuzi 0.2 kwa 0.2, na hapa kwetu hiyo ni kama kilomita 22 kila upande. Usiitumie kwa AOO hata kidogo, na kwa EOO pia ni hatari. Mwandikie aliyepiga picha akupe koordineti halisi. Asipojibu, iache.

Ramani za zamani. Karatasi za 1:50,000 za Survey of Kenya zinatumia datamu (msingi wa kupimia koordineti) ya Arc 1960, na GPS yako inatumia WGS84. Tofauti hapa kwetu ni kama mita 300. Kwa EOO si kitu, lakini kwa miraba ya kilomita 2 inaweza kuuhamishia mmea mraba wa jirani.

Mwinuko usaidie kuhakiki. Lebo ikisema futi 8,500, zidisha kwa 0.3048 upate mita 2,591, kisha uone kama koordineti zako ziko kwenye mwinuko huo. Zikitofautiana kwa zaidi ya mita 200 au 300, umeweka alama kwenye bonde au kwenye mlima usiohusika. Na usitegemee herufi za kanda za Flora of Tropical East Africa kukuonyesha mahali: Kinangop kwenye vielelezo vingi iko K3 chini ya Naivasha, ilhali upande wa pili wa Aberdare ni K4. Aliyeandika K4 na aliyeandika K3 huenda walisimama kwenye mlima uleule.

Majina nayo yamebadilika. Thomson's Falls ni Nyahururu, Fort Hall ni Murang'a. Jina la shamba la mlowezi litafute kwenye ramani za kabla ya 1963. Mashamba yale yaligawanywa kwa wakulima wadogo miaka ya 1960 na majina mengi yakafa.

---

Vigezo_Kwanza

Karani amemaliza sehemu ya data. Nijibu maswali yako.

Swali la 1: hapana. Hili ndilo kosa linalorudisha tathmini nyingi za mimea kwa mwandishi. Kigezo cha B kina ngazi mbili. Ukubwa wa eneo ni mlango tu. Ukishaingia, unatakiwa kuthibitisha angalau mambo mawili kati ya matatu:

a) imekatikakatika vibaya, au lokesheni ni chache: 1 kwa CR, zisizozidi 5 kwa EN, zisizozidi 10 kwa VU;
b) inaendelea kupungua, na useme ni nini kinachopungua: (i) EOO, (ii) AOO, (iii) ukubwa au ubora wa makazi, (iv) idadi ya lokesheni au vikundi, (v) idadi ya mimea iliyokomaa;
c) inapanda na kushuka kupita kiasi.

Spishi yenye km² 56 ambayo haipungui wala haitishiwi na kitu haiwi EN. Inaweza kuwa LC, hata ikiwa adimu namna gani. Uadimu peke yake si daraja. Kipengele cha c sikushauri kukitegemea kwa okidi. Msimu huu maua 200, msimu ujao 15, lakini hiyo mara nyingi ni viazi vya okidi (mizizi yake minene) vimelala ardhini. Mimea haijafa.

Swali la 2: lokesheni si idadi ya mahali ulipouona mmea, na si lokesheni ya chifu. Kwa IUCN ni eneo ambalo tukio moja la tishio linaweza kuuathiri mmea wote uliomo humo kwa muda mfupi. Kwa hiyo unaanza na tishio, halafu unachora mipaka. Tishio la trekta lina mipaka yake, tishio la moto lina mipaka mingine. Alama nne zilizo kwenye shamba moja la mwenye hati mmoja ni lokesheni moja. Alama moja moja kwenye mashamba matano yenye wenyewe tofauti ni tano.

Swali la 3: DD isiwe pa kutupia kila usichokihesabu. Inafaa pale ambapo data yako ni finyu kiasi kwamba spishi inaweza kuwa CR au LC na huwezi kuchagua. Wewe una maeneo, una tishio linaloonekana na unaweza kuonyesha makazi yanavyopungua. Kigezo cha B hakihitaji idadi ya mimea. Idadi ni ya vigezo vya C na D.

Jambo moja ambalo hukuuliza: je, spishi hii iko pia Uganda au Tanzania? Kama ipo, ulichonacho ni tathmini ya Kenya peke yake na lazima ufuate mwongozo wa tathmini za kikanda, ambao unauliza kama mbegu kutoka ng'ambo ya mpaka zinaweza kuokoa mimea ya hapa. Daraja la Kenya haliandikwi kama daraja la dunia.

---

NyasiZaMlima

Ahsanteni sana. Ni ya Kenya peke yake, hilo nilishalihakiki.

Nimesafisha. Kielelezo kimoja kilikuwa nakala. Kimoja kilikuwa juu ya Museum Hill na lebo yake haina mahali. Kimoja kilikuwa na latitudo 0.62 badala ya −0.62. Mpiga picha mmoja amenipa koordineti, mwingine hajajibu nikamtoa. Zimebaki kumbukumbu 11 kwenye miraba 10. EOO imeshuka hadi km² 540, AOO ni km² 40. Katika miraba hiyo, mitatu ni ya kumbukumbu za zamani ambazo mahali pake sasa ni mashamba ya viazi na kabichi na mmea haupo tena. Nihesabu km² 40 au 28?

Miraba saba iliyobaki: mitano iko kwenye ardhi ya watu binafsi uwandani, miwili iko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Aberdare.

---

Vigezo_Kwanza

28. AOO na EOO ni za mahali mmea ulipo sasa. Ile mitatu iliyolimwa usiifute kwenye faili. Iweke alama ya "umetoweka hapa". Ndiyo ushahidi wako wa kupungua kwa (ii) na (iv). EOO nayo ichore upya bila hiyo mitatu. Na ikitokea EOO ikatoka ndogo kuliko AOO, mwongozo unataka uifanye EOO ilingane na AOO, maana mtawanyiko hauwezi kuwa mdogo kuliko eneo linalokaliwa ndani yake.

Lokesheni: uwandani 5 kwa jembe na trekta, hifadhini 1 kwa moto kama miraba hiyo miwili iko kwenye nyasi zinazoungana. Jumla 6. Sita inakupeleka VU, si EN.

---

Mto_Malewa

Hapo sikubaliani nawe, ndugu Vigezo. Hesabu hiyo ingefaa kama kila mwenye shamba angeamua kivyake bila kusukumwa na kitu kimoja. Uwanda wa Kinangop karibu wote ni ardhi ya watu binafsi, na kinachoondoa nyasi ni mambo matatu yanayokwenda pamoja: ugawaji wa mashamba kwa warithi, bei ya viazi, na kung'oa vishungi vya Eleusine jaegeri kwa sababu ng'ombe na kondoo hawavili. Bei ikipanda, mashamba ya jirani hulimwa msimu uleule. Halafu kuna mikaratusi, inayopandwa mpakani na kwenye sehemu zenye maji. Inakausha udongo na kutia kivuli, na okidi ya nyasi haivumilii kivuli.

Ushahidi wa makazi kupungua upo bila hata kuanza upya. Ndege wa uwanda huu, Macronyx sharpei, anategemea vishungi hivyohivyo na yuko kwenye daraja la EN. Tafiti zake zimeeleza jinsi nyasi zilivyogeuzwa mashamba. Lakini usitumie ndege kama ushahidi wako wa pekee, kwa kuwa okidi na ndege hawahitaji kitu kilekile. Chukua picha za setilaiti za Sentinel-2, zipo tangu 2015 kwa mita 10, chagua za kiangazi, tupa alama 200 za nasibu ndani ya poligoni yako na uzipange kwa macho: nyasi, shamba, miti, nyumba. Rudia kwa mwaka wa mwanzo na wa mwisho. Tahadhari: shamba lililopumzishwa linaonekana kijani kama nyasi za asili. Njia ya kulitambua ni mistari ya jembe na mipaka iliyonyooka. Nyasi za vishungi zina madoadoa. Ukilichanganya, utaonyesha makazi makubwa kuliko yaliyopo, na shamba lililowahi kulimwa halina tena viazi vya okidi, jembe limeshavikata.

Na usijaribu kutumia upotevu wa miaka ya 1960 kwa kigezo cha A (cha kupungua kwa idadi). Dirisha la A ni miaka 10 au vizazi vitatu, kirefu kati ya hivyo viwili. Hata ukikadiria kizazi cha miaka 10, unarudi nyuma miaka 30 tu.

---

Vigezo_Kwanza

Hoja ya Mto Malewa ina uzito, ila bei ya viazi ni msukumo. Tukio lenyewe ni kulima, na kila shamba lina siku yake. Mhakiki mkali atauliza. Suluhisho ni kutolazimisha namba moja. Andika lokesheni 3 hadi 6, eleza kwa sentensi mbili jinsi ulivyopata kila mwisho wa safu, na utoe daraja EN kwa safu ya EN hadi VU. Mwongozo unaruhusu hivyo, na unasema tuwe waangalifu lakini wa kweli. Msimbo utakuwa EN B1ab(ii,iii,iv)+2ab(ii,iii,iv), ambapo B1 ni EOO na 2 ni AOO. Usiongeze (v) mpaka uwe na hesabu za mimea.

Kukatikakatika vibaya kunaweza pia kukubeba badala ya lokesheni, lakini ni lazima uonyeshe kwamba zaidi ya nusu ya AOO iko kwenye vipande vidogo visivyoweza kujitegemea, na vilivyo mbali kiasi kwamba mbegu hazivuki. Mbegu ya okidi ni vumbi linalopeperushwa na upepo. Hapo utapata kazi kulithibitisha.

---

Kiazi_Kimelala

Swali la 4, kuhusu majani bila ua. Unaohesabiwa ni mmea uliokomaa, yaani unaoweza kuzaa. Mmea wenye majani ya ukubwa wa ule unaotoa maua unahesabiwa hata kama mwaka huu haujachanua. Mche wenye jani moja dogo hauhesabiwi. Weka kipimo mapema: pima upana wa jani kubwa zaidi kwenye mimea 30 yenye maua, chukua ile ndogo kabisa, na hiyo iwe mpaka wako.

Usitumie miraba ya mita moja iliyotupwa ovyo. Okidi hizi hukaa kwa makundi na utapata sifuri mara arobaini. Tumia mistari ya mita 100 kwa upana wa mita 2, watu wawili sambamba, kila mmoja aangalie mita moja tu. Tembeeni polepole na mfungue vishungi kwa mkono, kwa kuwa mimea mingi hujibana upande ambao ng'ombe hafikii. Msimu mzuri ni baada ya mvua za masika kukolea, nyasi zikiwa bado fupi. Ukichelewa, kondoo wameshakula mashina ya maua na utahesabu nusu.

Hesabu ya mwaka mmoja haitoshi. Kiazi kinaweza kukaa ardhini msimu mzima bila kutoa jani. Weka viwanja vya kudumu uvirudie angalau misimu mitatu. Vigingi vya mbao vitachukuliwa kuni. Pigilia vyuma vya sentimita 30 mpaka viwe sawa na udongo, na kila mmea upimie umbali kutoka vyuma viwili. Kwa njia hiyo utajua kama mmea wa mwaka huu ni mpya au ni uleule uliolala.

Kielelezo: kikundi kikiwa na mimea chini ya 20, usikate. Piga picha ya mmea mzima, ua kwa mbele na kwa ubavu, na jani. Ua moja liweke kwenye spiriti ya asilimia 70, maana ua la okidi likikaushwa linabanwa na mdomo wake hausomeki tena. Rangi iandike papo hapo, spiriti inaifuta. Kiazi kiache ardhini.

---

Mlinzi_wa_Kitulo

NyasiZaMlima, umefanya vyema kuficha jina. Tanzania uwanda wa Kitulo, ambako hifadhi ya taifa ilianzishwa 2005 kwa ajili ya maua, unajulikana sana kwa okidi za ardhini, na tatizo lake kubwa limekuwa viazi vinavyochimbwa na kupelekwa Zambia kutengenezea chikanda, chakula cha viazi vya Disa, Satyrium na Habenaria vilivyotwangwa pamoja na karanga. Mchimbaji hutoa kiazi kizima, kwa hiyo mmea unakufa. Kwenye fomu chagua ramani isiyoonyesha alama halisi; koordineti mpe mhakiki peke yake.

Ukitaka mbegu kwa benki, kidonge (tunda lenye mbegu) kichukuliwe kikiwa kimeanza kuwa cha kahawia lakini hakijapasuka. Kiweke kwenye bahasha ya karatasi, usitumie plastiki, kinaoza kwa siku mbili. Kaushia kwenye silika jeli. Usizidi asilimia 20 ya mbegu zilizokomaa siku hiyo. Kuhamisha mimea kwenda bustanini sikushauri: mbegu ya okidi haina akiba ya chakula, inategemea kuvu wa udongo ule, na kuvu huyo huenda hayupo unakoipeleka.

---

NyasiZaMlima

Nimeandika yote. Swali la mwisho: vibali gani ninahitaji kabla ya msimu ujao?

---

Karani_wa_Lebo

Leseni ya utafiti ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi na teknolojia) ndiyo ya kwanza, bila hiyo wengine hawatakusikiliza. Kwa miraba miwili ya hifadhini, ongeza kibali kupitia WRTI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori) Naivasha na uwasiliane na KWS (shirika la wanyamapori). Mashamba ya uwandani yanahitaji ruhusa ya mwenyewe. Iandikeni na muweke sahihi, na umweleze utakachofanya na kile chuma cha sentimita 30 kabla trekta yake haijakikuta. Kama kielelezo au ua la spiriti litavuka mpaka, karibu okidi zote ziko kwenye Kiambatisho cha II cha CITES (mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini), kwa hiyo lazima karatasi zake ziwe tayari kabla ya kufunga kifurushi.

Vielelezo vikifika Nairobi, vikae kwenye friza siku kadhaa kabla ya kuingia hebaria ili kuua wadudu. Lebo iandikwe kwa digrii za desimali, ikiwa na alama ya kutoa.